Gitaa Linapochukua Nafasi ya Mwimbaji

Ukimwondoa mwimbaji kwenye wimbo, pengo analoacha halizibwi kwa kelele. Sikio limezoea kufuata sauti ya mtu: linaisubiri ivute pumzi, ipande, ishuke, imalize sentensi. Bendi ikipiga dakika nne bila sauti hiyo, msikilizaji huanza kuhisi kwamba anaandaliwa jambo ambalo haliji. Ndiyo maana albamu nyingi za gitaa lisilo na uimbaji, hata zilizopigwa na mafundi wa kweli, huishia kusikilizwa na wapiga gitaa wenzao. Wao wana cha kufuata: vidole. Sisi wengine tunamtafuta mtu.

Mwaka 1975 Mwingereza Jeff Beck alitoa albamu isiyo na mwimbaji, Blow by Blow, yenye vipande tisa na urefu wa takriban dakika 44. Ilipanda hadi nafasi ya 4 kwenye chati ya albamu ya Billboard huko Marekani, na baadaye ikapewa cheti cha platinamu, kinachotolewa kwa nakala milioni moja. Muziki wa ala tupu hauuziki hivyo kila siku, seuze muziki uliochanganya roki na jazi, ambao wenye roki waliuona mgumu na wenye jazi wakauona na makelele. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba Beck alikuwa na vidole vya ajabu. Alikuwa navyo. Lakini London ya miaka hiyo ilijaa vidole vya ajabu, na vingi havikutoa albamu inayosikilizwa mpaka leo na watu wasiojua hata kushika gitaa. Kuna jambo jingine lililofanyika humu, na linaweza kuelezwa.

Tuanze na alikotoka. Beck alizaliwa mwaka 1944 Wallington, kusini mwa London. Mwaka 1965 aliingia kundi la Yardbirds kushika nafasi iliyoachwa na Eric Clapton, na kabla ya mwaka 1966 kwisha alikuwa ameshaondoka. Akaunda kundi lake mwenyewe, Rod Stewart akiimba na Ronnie Wood akipiga besi. Sikiliza Truth, albamu yao ya 1968, ukiwa na sikio kwenye jambo moja tu: Stewart anaimba mstari, anavuta pumzi, na ndani ya pumzi hiyo gitaa linajibu. Halirudii alichoimba. Linambishia, linamchokoza, wakati mwingine linamkubalia kwa noti mbili kisha linakaa kimya. Kujibizana usiku baada ya usiku na mwimbaji wa kiwango kile ni shule, na somo lake ni hili: sentensi ya kuimbwa ina urefu gani, uzito wake unaangukia wapi, na ni wakati gani neno lililobaki halihitaji kusemwa.

Baada ya hapo waimbaji walizidi kuwa tatizo. Kundi lake la watu watatu na Wamarekani Tim Bogert na Carmine Appice, lililotoa albamu ya studio mwaka 1973, lilikuwa na nguvu za kutosha kubomoa ukuta, ila uimbaji wake ulikuwa wa kawaida sana. Lilipovunjika mwaka 1974, Beck hakutafuta mwimbaji mwingine.

Wakati huo upepo ulikuwa unavuma kuelekea muziki wa roki na jazi usio na mwimbaji. Miles Davis alikuwa ametoa Bitches Brew mwaka 1970, na gitaa humo alipiga Mwingereza mwingine, John McLaughlin wa Yorkshire, ambaye mwaka uliofuata alianzisha Mahavishnu Orchestra. Mwaka 1973 Herbie Hancock alitoa Head Hunters, na vijana wasiowahi kununua santuri ya jazi wakainunua. Mwaka huohuo mpiga dramu Billy Cobham, mzaliwa wa Panama, alitoa Spectrum, albamu ambayo Beck aliipenda mno. Sababu si ngumu kuiona. Kwenye Spectrum gitaa linapigwa na Tommy Bolin, kijana wa roki mwenye sauti chafu na nzito, na hajifanyi mtu wa jazi hata kidogo. Anasimama katikati ya Cobham na mpiga kinanda Jan Hammer akiongea lugha yake mwenyewe, na anaeleweka. Kwa Beck huo ulikuwa ushahidi kwamba mlango uko wazi.

Njia ya Mahavishnu, hata hivyo, haikuwa yake. McLaughlin alikuwa na kasi ambayo ni wachache duniani wangeifikia, na muziki wake ulijengwa juu ya kasi hiyo pamoja na hesabu ngumu za mapigo. Anayemfuata kwa nyuma atabaki nyuma. Nadhani uamuzi mkubwa kuliko wote kwenye Blow by Blow ni kwamba Beck hakushindana hapo. Alichukua rangi za muziki ule, na mapigo yake machache, akaacha mashindano.

Kilichomsaidia kuacha ni mtu aliyemchagua kusimamia kazi. George Martin, aliyetayarisha karibu nyimbo zote za Beatles, alikuwa ametoka kutayarisha Apocalypse, albamu ya mwaka 1974 ya Mahavishnu Orchestra na London Symphony Orchestra. Kwa hiyo aliujua muziki huu mpya kutoka ndani, lakini malezi yake yalikuwa ya nyimbo za dakika tatu, nyimbo ambazo mtu hazisahau. Kazi ilifanyika Oktoba 1974 kwenye studio yake ya AIR, Oxford Street, London. Ukiisikiliza albamu kwa makini utasikia mkono wake kwenye mambo yasiyoonekana: kila kipande kina maudhui ya kuimbika, hakuna solo inayopitiliza, na vipande kadhaa vinaingiana bila kituo, kiasi kwamba upande mzima wa santuri unakwenda kama safari moja.

Kisha bendi. Max Middleton, mpiga kinanda, alikuwa na Beck tangu kundi jingine alilokuwa nalo mwaka 1971, na bila yeye albamu hii isingekuwepo. Beck alikulia kwenye bluzi, muziki ambao kodi tatu, yaani mafungu matatu ya noti zinazopigwa pamoja, zinatosha usiku kucha. Middleton alimletea kodi za jazi kwenye piano ya umeme ya Rhodes, na kodi hizo zina kazi maalumu hapa. Gitaa likishikilia noti moja ndefu huku kodi chini yake zikibadilika, noti ileile hubadilika maana: ilikuwa pumziko, inageuka swali, kisha inageuka malalamiko, na mpigaji hajasogeza kidole. Mwimbaji ana maneno ya kubadilisha maana. Gitaa halina. Middleton ndiye aliyelipa maneno.

Besi ilikuwa mikononi mwa Phil Chen, Mjamaika mwenye asili ya Kichina aliyekuwa amehamia Uingereza, na dramu kwa Richard Bailey, kijana sana wakati huo, mzaliwa wa Trinidad. Watu hupita haraka kwenye majina haya mawili, na ni makosa. Muziki wa fusheni, yaani huu mchanganyiko wa roki na jazi, wa siku zile ulikuwa na wapiga dramu waliopiga kama wanafukuzwa. Bailey anapiga kwa wepesi, mkono wake uko juu ya matoazi ya hayahati, na anaacha nafasi. Chen anakaa chini, anatembea kidogo, anarudi nyumbani. Visiwa walivyotoka vina utamaduni wa muziki unaojua kwamba pigo lisilopigwa nalo ni sehemu ya mdundo. Katika nafasi hizo ndimo gitaa linamopata pumzi.

Ushahidi uko kwenye kipande cha pili, "She's a Woman". Ni wimbo wa Lennon na McCartney, uliotoka mwaka 1964 upande wa pili wa "I Feel Fine", na aliyeutayarisha wakati ule ni huyuhuyu George Martin. Beatles waliupiga kwa haraka na ukali, McCartney akipaza sauti hadi karibu ipasuke. Hapa umepunguzwa mwendo na kuvalishwa rege, na Chen na Bailey wanaucheza kama watu waliozaliwa nao. Beck anaanza na maudhui kwa gitaa safi, halafu linakuja jambo la kushangaza: gitaa linatamka maneno. Chombo kinachofanya hivyo ni bomba la plastiki. Sauti ya gitaa, badala ya kutoka kwenye spika ya kawaida, inasukumwa ndani ya bomba hilo mpaka mdomoni mwa mpigaji. Yeye haimbi, anachezesha midomo na ulimi kana kwamba anaimba, mdomo unaunda irabu, na maikrofoni iliyo mbele yake inanasa gitaa lenye umbo la maneno. Mwaka mmoja baadaye Peter Frampton alikifanya chombo hicho kijulikane duniani kote. Beck anakitumia kidogo tu, kisha anakiweka chini. Yaelekea aliona kwamba kinajibu swali kirahisi mno. Kulifanya gitaa litamke maneno ni ufundi wa kufurahisha. Kulifanya liimbe bila maneno ni kazi.

Upande wa kwanza una mengine. "You Know What I Mean", kinachofungua albamu, ni fanki iliyokaza, na kina mchezo mzuri kati ya gitaa na kinanda. "Constipated Duck" sioni kikubwa ndani yake. Ni mdundo mzuri unaosubiri wimbo. "Air Blower" kinaanza vivyo hivyo lakini katikati kinapoa, kinatuelekeza taratibu kwenye "Scatterbrain", na hapo mambo yanakuwa mazito.

"Scatterbrain" ndicho kipande kinachokaribia zaidi njia ya Mahavishnu. Kinahesabiwa 9/8. Muziki mwingi tuliouzoea una mapigo manne, au ukipenda nusu-pigo nane. Hapa mzunguko una tisa. Mguu unapotaka kukanyaga mwanzo wa mzunguko mpya, bado kuna nusu-pigo moja, na mwili unabaki juu. Juu ya mzunguko huo Beck na Middleton wanapiga mlolongo wa noti za kasi, zinazopanda na kushuka kwa hatua ndogondogo bila kupumzika. Kikiachwa hivyo kingekuwa zoezi la vidole. Kinachokiokoa ni nyuzi za okestra alizoandika Martin. Zinaingia polepole, noti ndefu juu ya noti fupi, na ghafla kile kilichokuwa mbio kinapata anga. Wapo wanaosema nyuzi hizo ni tamu kupita kiasi kwa bendi yenye ukali huu. Siafikiani nao. Zitoe, na kipande kizima kinarudi kuwa maonyesho.

Upande wa pili unafunguliwa na sababu iliyonifanya niandike haya yote, "Cause We've Ended as Lovers".

Wimbo huu ni wa Stevie Wonder. Aliuandika kwa ajili ya Syreeta Wright, aliyewahi kuwa mke wake, naye akauimba kwenye albamu ya mwaka 1974 ambayo Wonder aliitayarisha. Beck na Wonder walikuwa na historia. Mwaka 1972 Beck alipiga gitaa kwenye Talking Book, katika wimbo "Lookin' for Another Pure Love", na katika kipindi hichohicho cha ushirikiano ulizaliwa "Superstition", wimbo ambao Beck alitarajia kuutoa yeye. Toleo la Wonder lilitangulia sokoni na kufika namba moja Marekani. La Beck na wenzake wawili lilikuja mwaka 1973 likiwa limechelewa. Kwenye Blow by Blow kuna tungo mbili za Wonder, huu na "Thelonius". Hii ilikuwa zawadi iliyozidi deni.

Syreeta anauimba kama mazungumzo ya mtu aliyeshakubali. Mapenzi yamekwisha, anauliza kama urafiki utabaki. Beck anayaondoa maneno yote na kubakiza umbo la sauti: pale Syreeta alipovuta pumzi, pale alipositasita. Kisha anakabiliwa na tatizo la kimwili la ala yake. Uzi wa gitaa ukikwanguliwa, sauti huanza kwa mshindo na kuanza kufa papo hapo. Koo la mwanadamu linafanya kinyume: linaanza na pumzi, sauti inajaa, inashikiliwa. Gitaa kwa asili linasema kila neno kwa kulitupa.

Ufumbuzi wake unasikika sekunde za kwanza kabisa. Anafunga kitufe cha sauti kilicho kwenye mwili wa gitaa, anakwangua uzi usiosikika, kisha kwa kidole kidogo cha mkono uleule anakifungua taratibu. Mshindo wa mwanzo umepotelea kwenye ukimya. Kinachotufikia ni noti inayochomoza na kukua. Aliyewahi kusikiliza fidla za taarab ya Unguja zikiingia baada ya ubeti ataitambua hali hiyo mara moja, sauti ambayo huwezi kusema ilianza lini. Mbinu hii Beck hakuibuni. Bingwa wake alikuwa Roy Buchanan, Mmarekani aliyepiga gitaa la Telecaster, na Beck aliliandika jina lake kwenye jalada kama mtu ambaye kipande hiki ni wakfu kwake.

Chaguo la gitaa nalo lina maana. Jalada lina mchoro wa Beck akiwa na gitaa la Les Paul la rangi nyeusi-nyekundu, lakini kwenye kipande hiki alishika ala nyingine, Telecaster iliyofanyiwa mabadiliko na Seymour Duncan, fundi Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi London. Duncan aliing'oa pikapu (vinasa sauti vya nyuzi) za kawaida na kuiwekea pikapu nene za Gibson, zenye koili mbili. Mwili wa Telecaster unatoa sauti kavu, yenye ncha. Pikapu za Gibson zinaongeza unene na kuifanya noti ikae muda mrefu zaidi. Ukivichanganya unapata sauti inayokaa kama ya mwimbaji na bado ina konsonanti. Beck alimlipa Duncan kwa gitaa lake la Esquire la enzi za Yardbirds, na sidhani kama yeyote kati yao alipunjika.

Baada ya hapo ni suala la sentensi. Beck anapiga mstari, ananyamaza. Rhodes ya Middleton inabaki peke yake kwa muda ambao wapiga gitaa wengi wasingeuvumilia. Anapiga mstari wa pili, safari hii anaupinda uzi na kuuacha uifikie noti kutoka chini, kwa kuchelewa kidogo, kama mtu anayelazimika kusema jambo asilotaka kusema. Kila mzunguko anaongeza kitu kimoja: hapa ukali, hapa noti tatu za haraka. Kasi anayo na anaionyesha karibu na kilele, mara moja, na kwa kuwa tumesubiri sana, noti zile chache za haraka zinauma kuliko mamia ya Mahavishnu. Kisha anashuka. Karibu dakika sita zimepita na hujatamani mwimbaji.

"Thelonius", chenye jina la kumkumbusha mpiga piano Thelonious Monk, ni fanki ya kufurahia baada ya uzito ule. "Freeway Jam" cha Middleton ndicho kilichopendwa zaidi jukwaani, na si ajabu: Bailey anakianzisha kwa mdundo wa kubembea, gitaa linaingia likihangaika kutafuta mlango, halafu linatoa maudhui mepesi ambayo mtoto anaweza kuyapiga mluzi. Hapa Beck anachekesha, na kuchekesha kwa ala bila kuharibu muziki ni kipaji kisichosemwa vya kutosha anapozungumziwa.

Kinachofunga ni "Diamond Dust", utunzi wa mpiga gitaa Bernie Holland, zaidi ya dakika nane kwa mapigo matano polepole. Linganisha na "Scatterbrain". Kule pigo la ziada lilikuwa la kukukosesha miguu. Huku pigo la tano ni la kungojea. Maudhui yanamalizika kwenye la nne, na la tano linabaki wazi, kwa hiyo kila sentensi ina ukimya wake uliopangwa. Nyuzi za Martin zinarudi na safari hii zinabeba karibu nusu ya kazi. Kwa mtu aliyezoea nyimbo fupi kinachosha mwanzoni. Mimi nilihitaji muda kukipenda, na sasa nakiona ndicho kipande chenye ujasiri zaidi kwenye santuri nzima, kwa sababu mpiga gitaa mashuhuri anafunga albamu yake akiwa tayari kusikika kidogo.

George Martin alipenda kusimulia kwamba baada ya kazi kumalizika Beck alimpigia simu akitaka kurudia solo moja, kwa kuwa sasa alijua jinsi ya kuipiga vizuri zaidi. Ilibidi Martin amweleze kwamba santuri imeshafika madukani. Ninaiamini hadithi hiyo. Mwaka 1976 Beck alitoa Wired, tena na Martin na Middleton lakini pia na Jan Hammer na mpiga dramu Narada Michael Walden, na humo kasi imerudi mezani. Ni albamu nzuri sana, na ngumu kuipenda kuliko hii; ile pumzi ya Chen na Bailey pamoja haipo.

Wimbo wa Wonder aliendelea kuupiga mpaka uzee, na katika miaka ya 1980 aliacha kabisa kile kipande cha plastiki cha kukwangulia nyuzi, akabaki na vidole vitupu, hivyo mshindo wa mwanzo wa noti ukazidi kuwa mlaini. Mwaka 2007, kwenye klabu ya Ronnie Scott's jijini London, aliupiga akiwa na msichana wa Australia aliyekuwa na umri wa miaka ishirini na kidogo, Tal Wilkenfeld, kwenye besi. Zamu ya solo ilipofika, Beck alimwachia. Wilkenfeld akapiga kama mwimbaji, kwa sentensi fupi zenye vituo, na Beck akamsikiliza kabla ya kurudi na kumjibu. Beck alifariki Januari 2023, akiwa na miaka 78, na mkanda huo ni miongoni mwa vitu vya kwanza mashabiki wake walivyovirudia.

Asiyewahi kuisikia Blow by Blow asianzie kipande cha kwanza. Atafute kwanza sauti ya Syreeta ya mwaka 1974, aisikilize mpaka ajue anapovuta pumzi, ndipo aweke upande wa pili wa santuri ya Beck.